Kufuta vitu kwenye picha za mandhari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimeamua kuyaweka yote hapa pamoja manake kila wiki lazima mtu aniulize moja ya haya, na kila wiki najibu upya kwa namna tofauti kidogo mpaka nimejikuta najipinga mwenyewe. Napiga picha za mandhari miaka mingi sasa, nafuta vitu, na nimewahi kufuta visivyostahili kufutwa, kwa hiyo usitegemee mahubiri ya mtakatifu.

Twende moja kwa moja, kufuta kitu kwenye picha ni uongo au sio uongo?

Inategemea umemwahidi nini anayeangalia. Najua "inategemea" ni jibu la kuudhi lakini subiri kwanza. Picha haiongei peke yake, inaongea pamoja na mahali ulipoiweka na maneno uliyoandika chini yake. Chukua picha ya mlima uliofuta mnara wa simu kileleni. Ukiitundika ukutani kwako hakuna aliyeibiwa kitu, ukiipeleka gazetini umemdanganya msomaji, ukiiweka kwenye tangazo la nyumba ya wageni iliyo chini ya huohuo mnara umemlia mtu hela yake. Picha ni ileile, haijabadilika hata nukta moja. Ndo maana mtu akinitumia kazi yake na kuniuliza "hapa nimekosea?" siangalii picha kwanza, namuuliza unaipeleka wapi na umeandika nini.

Kwani wakongwe hawakufuta? Mbona wao tunawaita magwiji?

Walifuta, tena sana, tuache kuisingizia kompyuta. Miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray alikuwa anapiga bahari, na shida yake ni kwamba vioo vya negativu vya wakati ule vilikuwa vinaona rangi ya bluu kupita kiasi, ukipiga ili bahari itoke vizuri anga linaungua lote linabaki jeupe kama karatasi. Akawa anapiga bahari kivyake na mawingu kivyake, halafu anaunganisha negativu mbili kwenye mstari wa upeo wa macho, na ukiziangalia leo hujui pa kuanzia kuutafuta huo mshono.

Ila mfano ninaoupenda ni wa Ansel Adams, mpigapicha wa mandhari wa Marekani. Mwaka 1944 alipiga milima ya Sierra Nevada alfajiri ya baridi kutokea mji wa Lone Pine, California, ile ambayo kilele kina mwanga, chini kuna giza, na farasi mmoja yuko malishoni. Sasa kwenye kilima kimoja hapo katikati wanafunzi wa sekondari ya mji ule walikuwa wamepanga mawe wakayapaka chokaa yakaandika herufi mbili kubwa, L na P, yaani Lone Pine. Adams aliona ni kovu. Alizifuta kadiri alivyoweza kwenye negativu, na mabaki yake akawa anayaziba kwa mkono kwenye printi. Baadaye aliandika hayo mwenyewe waziwazi, akakiri pia kwamba kuna watu walimlaumu.

Wanaomtaja Adams kama leseni huwa wanasahau nusu hiyo ya pili ya stori, kwamba alisema. Na mimi kila nikiiangalia ile picha nawawaza wale wanafunzi, manake mtu hapandi kilima na mawe mabegani kwa bahati mbaya, ile kazi ilikuwa ya siku nzima pengine zaidi, na kwao lile halikuwa kovu, lilikuwa jina la kwao. Picha bado ni nzuri sana lakini. Yote mawili ni kweli na sijawahi kuyapatanisha.

Sasa kitu kidogo tu kitamdhuru nani?

Watu huwa wanajibu hapa kwa kutaja picha za vita, mi nitakutajia piramidi. Februari 1982 jarida la National Geographic walikuwa na picha ya piramidi za Giza iliyopigwa kwa kulala, na jalada la gazeti limesimama, sasa ili zikae vizuri wakazisogeza zikaribiane kwa kompyuta. Hiyo ni miaka 8 kabla Photoshop, ile programu ya kuhariri picha, haijaanza kuuzwa, walitumia mitambo ya bei mbaya ya wakati ule. Hakuna aliyekufa, piramidi ziko palepale zilipo. Lakini mpaka leo, zaidi ya miaka 40, ukianza mjadala wowote kuhusu kuhariri picha lazima mtu azitaje. Gazeti ambalo watu walikuwa wanaliamini macho yamefumba likajikuta linaulizwa na vipi zile nyingine, na hilo swali ukishaulizwa huwezi kulifuta kwa brashi.

Madoa ya vumbi kwenye sensa, kile kinachopokea mwanga ndani ya kamera?

Futa. Hilo vumbi liko ndani ya kamera yako, halikuwepo mlimani. Sawa na tone la mvua kwenye lenzi, sawa na ile miduara ya mwanga inayotokea ukielekea jua. Hata mashindano makali huwa yanaruhusu kusafisha vumbi. Tusipoteze muda hapa.

Kukropu je, yaani kukata kingo za picha? Si ni kufuta pia?

Hili swali huwa linaletwa kama mtego na watu wanafikiri wamenimaliza. Ni kweli ukikropu umetoa kitu, na hata ukisogea hatua 2 kushoto ili nguzo ijifiche nyuma ya mti umetoa kitu. Kila picha ni kuacha sehemu kubwa ya dunia nje. Ila kila anayeangalia picha anajua ina kingo nne na nje ya hizo kingo kuna vitu, hakuna aliyemwambia hamna. Ukifuta ndani ya fremu umefanya kitu kingine kabisa, umemwambia hapa hasa, hapa ninapokuonyesha, pako patupu. Sio sawa na mtu kunyamaza, ni mtu kujibu uongo akiulizwa.

Sisemi kukropu na mbinu nyingine zisizo za kufuta haziwezi kudanganya, zinaweza, na vizuri tu. Kuna geti la hekalu la Lempuyang kule Bali, picha zake zinaonyesha geti limesimama juu ya ziwa linang'aa kama kioo, na kwa kweli ni kioo, mtu anashika kipande cha kioo chini ya lenzi ya simu na ziwa linatokea. Ziwa hakuna. Kuna sakafu na foleni ya watu wanaosubiri zamu yao ya kusimama kwenye ziwa. Wala hakuna aliyegusa programu yoyote ya kuhariri.

Nikitumia shata ndefu, yaani nikaacha mwanga uingie kwenye kamera muda mrefu, watu wakapotea wenyewe, nimedanganya?

Mimi nasema hapana, au tuseme umedanganya kiasi kile ambacho kamera imekuwa ikidanganya tangu izaliwe. Mwaka 1838 Mfaransa Daguerre, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, alipiga mtaa wa Boulevard du Temple, Paris, mtaa wenye magari ya farasi na watu kibao, lakini mwanga ulihitaji dakika kadhaa kuingia kwa hiyo kila kilichokuwa kinatembea kikayeyuka, akabaki bwana mmoja pembeni aliyesimama kung'arishiwa viatu. Yule wanamtaja sana kama binadamu wa kwanza kuonekana kwenye picha. Mtaa mzima ulijaa na unaonekana kama umehamwa.

Kuna na njia ya kisasa ambayo naipenda kuliko kukloni, yaani kunakili sehemu moja ya picha kuziba nyingine: weka kamera kwenye tripodi usiiguse, piga fremu ileile mara 15 au 20 kwa kupisha sekunde kadhaa, halafu programu inazipanga zote na kwa kila pikseli inachukua thamani ya katikati. Mtu aliyepita mahali fulani kwenye fremu mbili tatu tu anazidiwa kura anatoweka. Uzuri wake ni kwamba kilichobaki nyuma yake ni ardhi uliyoipiga kweli, ni mchanga ule ule, sio mchanga wa kubuni. Ila mtu aliyekaa kwenye kiti chake muda wote hatoki, na mi huwa naona ni haki yake kabisa.

Lakini kama mahali panajaa watu kila siku ya Mungu na wewe unaposti pakiwa patupu na kuandika "paradiso isiyojulikana", hapo shata ndefu haikusaidii. Tatizo ni hilo neno isiyojulikana.

Takataka nazo? Si bora kufuta kuliko kuonyesha uchafu?

Hapa nakaa kidogo. Siku moja asubuhi nilikuwa kando ya ziwa, maji yametulia, ukungu unapanda taratibu, kila kitu kimekaa sawa isipokuwa kwenye matete upande wa kulia kulikuwa na chupa ya plastiki yenye kizibo cha bluu. Kwenye kioo cha kamera ilikuwa ndogo kama punje ya mchele, lakini ilikuwa ni bluu pekee kwenye picha yote ya kijivu, jicho linakwenda pale tu. Kufuta ni sekunde 2. Nikasema hapana leo nifanye kiungwana, nikavua viatu nikaingia majini kwenda kuitoa, na kufika pale nakuta sio moja, nyuma ya matete zimejaa, na mifuko, na kandambili ya mguu mmoja, vimekusanywa na upepo vikatulia kwenye ile kona. Kutoka kwenye tripodi unaona moja.

Sasa ile sheria maarufu wanayofundishana wapigapicha wa mandhari inasema futa kinachopita, acha kinachodumu. Jani lililoanguka, mtu anayepita, chupa, hivyo futa, nyumba, barabara na mti acha. Ni sheria nzuri ya kuanzia na hata mimi naitumia. Lakini ile chupa ilipita? Yenyewe pengine ilipita, kesho yake ingekuwa kona nyingine, ila chupa kwa ujumla wake zilikuwa zimehamia pale na hazina mpango wa kuondoka. Kwa hiyo siku hizi siulizi kama kitu hiki kitakuwepo kesho. Nauliza kama mahali pale ndo pako hivyo. Chupa moja iliyodondoshwa na mtu kwenye ufukwe unaofagiliwa kila siku, futa tu wala usiniulize. Chupa ambayo ni ya 200 kwenye hiyo kona, ukiifuta umeficha habari yenyewe.

Niliipiga picha mara mbili, na chupa na bila chupa. Iliyoning'inia ukutani kwangu ni ile safi. Nimeshasema mimi si mtakatifu.

Nguzo na nyaya za umeme?

Hizi ndo zinafutwa kuliko kitu kingine chochote, na ndo nilizoacha kufuta. Waya mmoja mwembamba kwenye kona ya anga bado unanijaribu sitakataa, lakini laini nzima ya nguzo inayokata bonde, hapana. Sababu sio kwamba nguzo ni nzuri. Sababu ni kwamba picha ya mandhari ikizeeka inageuka kuwa kumbukumbu, utake usitake. Kuna watafiti wa Marekani ambao tangu 1997 wanarudi Glacier National Park wakiwa na picha za zamani za barafu, wanatafuta mpaka wanasimama palepale aliposimama aliyepiga, na wanapiga tena, hivyo ndivyo ulimwengu ulivyoona kwa macho barafu ilivyorudi nyuma. Wengi wa waliopiga zile za mwanzo hawakuwa wanapima kitu, walikuwa wanapiga mlima mzuri. Sasa jiulize mmoja wao angeamua ule ulimi wa barafu unaharibu mpangilio wa picha.

Na uzuri wa nguzo ni kwamba ukisubiri mwanga wa pembeni mara nyingi zinakuwa mstari unaoongoza jicho. Mara nyingi, sio kila mara. Kuna mahali ni mbaya tu basi.

Nikiondoa kitu kwa mkono kabla ya kupiga, inahesabika?

Ukiokota chupa ukaenda nayo, hongera. Ukivunja tawi au kung'oa mmea uliokaa miaka pale kwa sababu umeingia kwenye fremu yako, bora ungefuta kwenye kompyuta mara mia, kwenye kompyuta mmea unabaki hai. Nashangaa watu wanaojisifu "mi sihariri kabisa" huku wamepalilia eneo zima.

Halafu hata kuhamisha kwa mkono kuna historia. Roger Fenton mwaka 1855 kwenye vita vya Crimea alipiga bonde lilelile mara mbili kamera ikiwa palepale, picha moja matufe ya mizinga yako mtaroni, barabara haina kitu, nyingine barabara imejaa matufe ya chuma. Watu wamebishana miaka na miaka ipi ilitangulia na nani aliyasogeza yale matufe. Hakuna pikseli hata moja pale, lakini swali ni hilihili la kwetu.

Kwenye mashindano ninaruhusiwa?

Soma sheria. Simaanishi kupitia harakaharaka, soma, tena za kipengele chako hasa, manake kipengele kimoja kinaruhusu na cha pili yake kinakataza. Mwaka 2012 mshindi mkuu wa shindano la mpigapicha bora wa mandhari Uingereza alinyang'anywa ushindi, picha ya boti za kale na ngome ya Lindisfarne, kwa sababu alihariri kuliko kipengele kilivyoruhusu, na mwenyewe alikiri kwamba sheria hakuzisoma. Picha ingeweza kabisa kuingia kwingine bila shida.

Mashindano ya habari ndo usijaribu. World Press Photo, shindano kubwa la picha za habari, mwaka 2010 walimfuta mshindi kwa sababu alitoa kipande cha mguu wa mtu kilichokuwa kinachungulia nyuma, kitu ambacho usingekiona hata ukiambiwa kipo. Mwaka 2015 kama asilimia 20 ya picha zilizofika raundi ya mwisho kasoro moja ziliondolewa kwa uhariri uliopitiliza. Wanajuaje? Wanakuomba faili ghafi, lile la kamera lenyewe, wanaweka pembeni ya uliyotuma. Kwa hiyo kama huwezi kutoa faili ghafi usishiriki.

Na kwenye habari za kawaida, ambazo sio mashindano?

Hapana. Januari 2014 shirika la habari la AP liliachana na mpigapicha wake aliyekuwa kwenye timu iliyoshinda tuzo ya uandishi wa habari ya Pulitzer mwaka uliotangulia, kisa alifuta kamera ya video ya mwenzake iliyokuwa kwenye kona ya chini ya picha kutoka Syria. Kamera tu, haibadilishi chochote kwenye habari. Wakaondoa karibu picha 500 zake sokoni. Mafuriko, moto wa msituni, maporomoko, hizo nazo ni mandhari lakini zikiingia kwenye habari zinafuata sheria za habari.

Lakini mi ni msanii, sio mwandishi wa habari!

Basi kuwa msanii, hakuna aliyekukataza. Mjerumani Andreas Gursky mwaka 1999 alitengeneza picha ya mto Rhine, majani, maji, majani, anga, basi, akiwa ametoa jengo la kiwanda na watu waliokuwa wanatembeza mbwa. Mwaka 2011 ikauzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni 4.3, ikawa ndo picha ghali kuliko zote zilizowahi kuuzwa kwa wakati ule. Aliyelipa hizo hela alijua analipia nini, hakwenda Rhine kuutafuta huo upande usio na kiwanda.

Ninachokataa ni ile tabia ya kuvaa kofia mbili. Ukisifiwa "yaani pako hivi kweli?" unasema ndio ndugu yangu nilisubiri masaa 4 kwenye baridi, ukikamatwa unasema aah mimi ni msanii. Chagua mapema, kabla hujakamatwa.

Napiga kazi za hoteli na viwanja, mteja anataka nifute mnara, jalala, nyumba ya jirani. Nifanyeje?

Hapa ndo niko mkali kuliko kote, kuliko hata kwenye habari, kwa sababu msomaji wa gazeti anapoteza imani na mgeni wa hoteli anapoteza akiba yake ya mwaka. Gari lililopaki vibaya siku hiyo, futa. Ndoo ya fundi, ngazi, bomba la kumwagilia lililoachwa kwenye majani, futa. Jengo linalokaa kati ya dirisha na bahari, usiguse. Kipimo changu ni rahisi sana: fikiria mteja wake amefika, amefungua pazia, je atatoa simu yake aitafute picha yako alinganishe? Kama atalinganisha, umeshakosea.

Namna ya kumwambia mteja bila kugombana ni kutafuta pembe nyingine au saa nyingine. Mnara jioni sana unakuwa kivuli tu. Dirisha la chumba kingine halioni jalala. Mwambie "boss, hili nitalikwepa kwa kamera, sitalifuta", wengi wanaelewa. Mmoja hakuelewa, akampa kazi mtu mwingine, na ule mnara haumo kwenye picha zake mpaka leo.

AI imebadilisha nini? Si kufuta ni kufuta tu?

Imebadilisha kinachobaki kwenye shimo. Ukifuta kitu lazima pazibwe, na zamani, hata ile ya kujaza yenyewe iliyoingia Photoshop mwaka 2010, ilikuwa inaazima vipande vya picha hiyohiyo, majani ya kushoto yanakuja kuziba kulia. Ni kiraka, lakini kitambaa ni cha nguo ileile. Hizi za akili mnemba zilizokuja 2023 zinabuni, zinakuwekea kichaka ambacho hakijawahi kuota popote, na kivuli chake, na upepo. Unafuta gari unapewa jiwe. Wewe hukuomba jiwe.

Na jambo la pili ni urahisi. Google waliweka kifutio kwenye simu ya Pixel 6 mwaka 2021, na wengine wakafuata, sasa kila mtu anacho mfukoni na simu nyingine inakuonyesha yenyewe vitu vya kufuta, imevizungushia duara kabla hata hujawaza. Adams alifanya kazi ya mkono kwa zile herufi mbili, huwezi kufanya hivyo bila kujiuliza kama unataka kweli. Mi nadhani ile kero ilikuwa na faida yake. Siku hizi nafuta halafu ndo najiuliza.

Watu watajuaje kama nimefuta?

Wengine hawatajua. Wengine watajua kabla hujamaliza kuposti. Vitu vinavyowaumbua watu: kivuli kimebaki, mwenye kivuli hayupo. Mti umefutwa ufukweni na bado umesimama ndani ya maji. Shada la nyasi lilelile limejirudia mara 3 kwa mstari. Sehemu iliyozibwa imekuwa laini kuliko chengachenga za picha nyingine. Na kwa nguzo za umeme, huyu ndo shahidi mbaya kuliko wote, ule uwazi mrefu uliokatwa miti chini ya nyaya, umefuta nguzo na nyaya zote vizuri kabisa na msituni kumebaki njia iliyonyooka kama rula isiyokwenda popote.

Kuna pia teknolojia ya kuifunga historia ya picha ndani ya faili lenyewe, viwango vya C2PA vilivyoanzishwa 2021, kampuni ya kamera ya Leica wakatoa kamera yenye kitu hicho mwaka 2023, faili linabeba saini ya lilikotoka na kilichofanyiwa. Ni nzuri ila ukiiposti sehemu nyingi mtandaoni hizo taarifa zinang'olewa njiani, kwa hiyo bado kapsheni, yale maneno ya chini ya picha, ndo ya kutegemea.

Niandike nini kwenye kapsheni bila kuharibu picha?

Andika kama unavyoongea. "Nimetoa nguzo mbili za umeme upande wa kushoto." Imeisha. Usiandike hotuba. Kama umetoa vumbi na tawi moja wala usiandike kitu, hakuna anayedai orodha. Ila usiandike "asili kabisa" au "haijaguswa" kama imeguswa, hayo ni maneno ambayo watu wanayatia kwa mazoea tu, kama chumvi. Nimeshangaa sana kuona picha zangu zilizoandikwa wazi kilichofutwa hazipendwi kidogo kuliko nyingine, watu wanauliza tu ulifutaje.

Naweza kufuta vitu kwenye picha ya mtu mwingine?

Bila ruhusa usifanye. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, kifungu cha 6 bis, unampa mwenye kazi haki ya kupinga kazi yake kuharibiwa au kupotoshwa kwa namna inayomshushia heshima, hata kama ameshauza haki za kibiashara. Na kama unachotaka kufuta ni jina lake lililoandikwa kwenye kona, hiyo haina mjadala wa maadili, ni wizi.

Kuna uliyowahi kufuta ukajuta?

Ipo moja. Mteremko juu ya maji, mwanga wa asubuhi, na katikati ya mteremko kijumba cha bati, kidogo, bati lina kutu upande mmoja. Niliona kinaharibu, nikakifuta, nikahifadhi juu ya faili lilelile, na kwa kuwa diski ilikuwa imejaa faili ghafi nikazitupa zote za safari ile. Picha ikatembea sana, mpaka leo kuna mahali naikuta.

Miaka kama 6 baadaye nikapata ujumbe kutoka kwa mtu nisiyemjua. Ameiona picha, ameutambua mteremko, anauliza kwa heshima kabisa kama ninayo nyingine ya siku hiyo manake pale palikuwa na nyumba ya babu yake, imeshabomolewa na hawana picha yake hata moja, na anashangaa kwenye yangu haionekani, pengine nilisimama upande mwingine? Nilikaa na ule ujumbe siku 2. Nikamwambia ukweli. Halafu nikaanza kutafuta, diski za zamani, kadi, simu iliyovunjika kioo, na kwenye simu nikakuta moja, ya kujaribia, nimeipiga wakati nasubiri mwanga. Imetoka na ukungu, nyumba ni kubwa kama kiberiti. Nikamtumia hivyohivyo.

Akashukuru sana. Kesho yake akaandika tena, amemuonyesha mama yake wakaikuza, na mama anauliza mbona mlango uko wazi, asubuhi ile nani alikuwepo ndani? Sikuwa na la kumjibu. Nilisimama pale karibu masaa 2 naitazama ile nyumba, na muda wote nilikuwa nawaza itafutikaje.